Gari la Bibi Harusi Liliruka, Wote Wakalaumu Mguu wa Dereva: Uzi kuhusu Eco, Comfort na Sport

Wakuu, habari za jioni.

Sogea karibu kidogo, hasa wewe mwenye gari lenye kitufe cha mode na hujawahi kujua kazi yake. Leo naongea na wewe kuliko wengine. Haya yalitokea huku Njiru nikiwa hapo hapo, na nitayasema kama yalivyokuwa.

Kazi yangu ni kufundisha udereva, Kariobangi. Jirani yangu ni Wafula, mtu mpole, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiendesha pickup ya manual ya kampuni moja Industrial Area. Mwaka huu alijipatia gari lake la kwanza: sedan ya kifahari ya Kijerumani, nyeusi, ya mtumba lakini safi. Automatic.

Gari lilipofika, mtaa mzima ulikuwa umeshaligawana. Huyu anataka limpeleke mama yake kliniki kwa heshima, yule anataka libebe keki. Lakini wa kwanza kwenye foleni alikuwa Nekesa, dada mdogo wa Wafula, aliyekuwa anakaribia kuolewa.

Baba yao alifariki kabla ya kuona mtoto wake yeyote akifunga ndoa. Kwa hiyo Nekesa alisema mapema, mbele ya watu wote: "Wa kunipeleka kanisani ni Wafula. Baba hayuko, basi ni yeye."

Wafula alitoka nje akaanza kuosha gari ambalo lilikuwa limeoshwa asubuhi hiyo hiyo.

Sasa, kwa wasiozijua harusi zetu za watu wa Magharibi mwa Kenya: bibi harusi hatoki nyumbani kwa kasi. Wanawake wa ukoo wanatangulia mbele ya gari, wanaimba na kucheza wakirudi kinyumenyume, macho kwa bibi harusi, migongo kwa barabara. Gari linawafuata polepole kuliko mtu anayetembea, boneti ikikaribia kugusa leso walizojifunga. Hivyo hivyo mpaka kwenye lami.

Dereva wa gari hilo hana nafasi ya kukosea.

Wiki chache kabla ya harusi walifanya mazoezi. Anayeongoza kucheza ni shangazi yao, dada ya marehemu baba, ambaye wote wanamwita Senge. Ni mama mnene, mcheshi, na sauti yake haihitaji spika. Wimbo ukaanza. Wafula akagusa mafuta kidogo tu, gari likaruka. Akakanyaga breki, likasimama kwa kishindo. Akagusa tena, likaruka tena, na safari hii bampa ikafika kwenye magoti ya Senge.

Hakuumia. Lakini wimbo ulikatika.

"Wafula, mimi nilikubeba mgongoni ukiwa mtoto," akasema, akikung'uta leso. "Leo wewe unataka kunibeba na bampa?"

Watu wakacheka. Wafula hakucheka.

"Siku ya harusi nitacheza nyuma ya gari," Senge akaendelea. "Huko mbele atacheza mwenye bima."

Gari likapelekwa kwa fundi Kariobangi. Fundi akaliwasha, akalizungusha, hakuona kitu. Akasema huenda ni giaboksi, liachwe aishushe aangalie ndani, lakini Wafula akarudi nalo. Mjomba wao naye akaomba funguo, akaenda nalo hadi stendi na kurudi. Hakuona kitu.

"Gari haina shida," akasema mjomba. "Shida ni mguu. Huu mguu ni wa pickup. Tutafute dereva, harusi si mahali pa kujifunzia."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwingia Wafula. Alikuja kwangu akiwa ameshika funguo kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwalimu, niambie tu ukweli. Ni gari ama ni mimi? Kama ni mimi, nitamwambia Nekesa leo, atafute mtu mwingine mapema."

Nikamwambia tuliangalie kwanza. Nikaingia, nikawasha, nikazunguka mtaa. Gari lilikuwa tulivu kabisa, linapita kwenye mawe ya barabara yetu kama halitaki kumwamsha mtu. Nikasimama, nikaondoka, nikasimama tena. Hakuna kuruka. Wafula alikuwa amekaa kando yangu, mikono katikati ya magoti, na kadiri gari lilivyokwenda vizuri ndivyo uso wake ulivyozidi kuanguka. Alikuwa anaomba liruke.

Nilikuwa karibu kukubaliana na mjomba.

Lakini kufundisha kumenizoeza jambo moja. Ukitaka kujua mwanafunzi anakwama wapi, usimwonyeshe unavyofanya wewe. Kaa kando, nyamaza, umwangalie anavyofanya yeye.

Tukabadilishana viti. Nilizima gari kabisa nikampa funguo. "Fanya kila kitu kama kawaida yako," nikamwambia. "Anza na mlango."

Akafungua mlango, akakaa, akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akawasha. Kisha kidole chake kikashuka kando ya gia, kikabonyeza kitufe, bila hata kuangalia. Dashibodi ikageuka nyekundu.

"Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo umebonyeza sasa hivi."

"Ah, hiyo ni Sport. Mimi huweka kila siku."

Akanieleza. Siku zile za kwanza alisikia kwamba Eco inaokoa mafuta, akaiweka. Alipofika pale pa kuingilia Kangundo Road, akaona nafasi, akakanyaga, na gari likafikiria kwanza huku lori linakuja. Aliponea chupuchupu. Binamu yake akamwambia dawa ni Sport, gari liamke. Tangu siku hiyo, kwake kuwasha na kubonyeza ni kitendo kimoja.

"Na fundi ulimwambia?"

"Nimwambie nini, Mwalimu? Si ni kama kumwambia mimi hufunga mkanda."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Gari lake, kama mengi ya aina hiyo, likizimwa linasahau Sport. Ukiliwasha upya linaanza kwenye Comfort. Fundi aliliendesha likiwa Comfort. Mjomba hivyo hivyo, na mimi pia. Sisi watatu tulikuwa tunalipima gari ambalo Wafula hajawahi kuliendesha.

Tulia hapa kidogo, nikueleze kama nilivyomweleza yeye.

Kwenye pickup ya zamani, pedali ya mafuta imeunganishwa na injini kwa waya. Unachokanyaga ndicho unachopata. Kwenye sedan hizi hakuna waya. Ukikanyaga, unatuma ombi kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe kiasi gani. Mode ni jinsi kompyuta inavyolisoma ombi lako.

Fikiria bomba tatu za maji zimepangwa kwenye ukuta mmoja. Unazizungusha kwa kiasi kile kile kidogo. Ya Eco inatoa matone. Ya Comfort inatoa maji ya kunawa mikono. Ya Sport inakulowesha viatu. Ukizifungua zote mpaka mwisho, kwa magari mengi maji ni yale yale. Kwa hiyo Sport kwa kawaida haikuongezei injini nyingine ndani ya boneti. Inakupa mapema kile ambacho Eco ingekupa ukikanyaga zaidi.

Hiyo ni pedali. Gia nazo zinabadilika tabia.

Eco inakimbilia gia kubwa mapema ili injini izunguke taratibu, na haina haraka ya kushuka. Ndiyo maana gari "lilifikiria" pale Kangundo Road. Lilikuwa kwenye gia ya juu, likangoja kuhakikisha kweli unataka nguvu, ndipo likashuka gia. Ukiwa mbele ya lori, kungoja huko ni kurefu sana.

Sport inafanya kinyume. Inang'ang'ania gia ndogo, injini inanguruma, nguvu iko tayari. Na ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe inalivuta gari nyuma, unahisi kama umegusa breki.

Sasa chukua tabia hizo uziweke kwenye mwendo wa kucheza harusi. Ukigusa, linaruka. Ukiachia, linajivuta. Unashtuka, unakanyaga breki, linapiga kishindo. Anayeonekana hajui kuendesha ni wewe.

Nilipomaliza, Wafula akauliza, "Kwa hivyo mguu wangu hauna shida?"

"Mguu wako ulikuwa unaomba kidogo. Gari ndilo lilikuwa linasikia mengi."

Akazima gari, akaliwasha tena, akaacha kidole juu ya goti. Tukazunguka mtaa. Halikuruka. Akazunguka tena peke yake, mimi nikiwa nimesimama nje, na aliporudi alikuwa anatabasamu mpaka nikaona pengo lake.

Lakini kujua sababu si sawa na kuaminiwa. Senge alikuwa bado ameapa kucheza nyuma. Basi Jumapili baada ya ibada tukaenda kwenye uwanja wa kanisa, hakuna mtu mbele, na tukamwomba Senge akae kiti cha nyuma na kikombe cha chai kilichojaa. Alikubali kwa sababu ya chai.

Nilimfundisha Wafula jambo moja la ziada. Automatic nyingi, ukiwa kwenye D na ukaachia breki, zinatambaa zenyewe. Kwa mwendo wa wachezaji huhitaji mafuta hata kidogo. Unaendesha kwa breki tu: unailegeza, linakwenda; unaibana taratibu, linapungua. Mguu haurukiruki kutoka pedali moja hadi nyingine.

Tulianza na Sport, nikamwomba aguse mafuta kidogo tu, Senge aelewe kilichotokea siku ile. Chai ikamwagika kwenye leso.

"Hii ndiyo ilinigonga," akasema Senge. "Naijua tabia yake."

Kisha Comfort, kwa breki peke yake, uwanja mzima kwenda na kurudi. Senge alikunywa chai yote njiani. Alipomaliza akampa Wafula kikombe kitupu juu ya bega.

"Mwambie mjomba wako asitafute dereva," akasema. "Mimi nimempata."

Siku ya harusi nilisimama karibu na geti. Nekesa alikuwa nyuma na mama yao, Wafula kwenye usukani, suti na jasho. Akawasha. Niliona kidole kikianza kushuka kando ya gia, mazoea ni kitu kigumu. Kikasimama hewani. Akasoma dashibodi, akarudisha mkono kwenye usukani.

Senge alikuwa mbele kabisa, ameweka kiganja juu ya boneti kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea, anarudi kinyumenyume, anaimba. Kutoka getini mpaka lami hakuondoa mkono ule. Nekesa aliinama mbele akaweka wake kwenye bega la kaka yake, na wakafika hivyo.

Baadaye mjomba alinijia na sahani ya chakula. "Kumbe fundi alirekebisha ile giaboksi," akasema. Nikamwambia gari limekuwa zima tangu mwanzo, na mguu pia. Nilimweleza kuhusu bomba tatu. Akasikiliza, akatafuna, akasema ataenda kuangalia la kwake.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba gari moja linaweza kuwa magari matatu, na dereva mzuri anaweza kuonekana mbaya akiwa kwenye gari lisilofaa kwa mahali alipo. Sport si adui. Ina raha yake barabara ikiwa wazi. Eco nayo ni nzuri ukiwa kwenye mwendo mmoja wa utulivu. Wafula siku hizi anaingia Kangundo Road akiwa Comfort, na akihitaji nguvu anakanyaga kwa uamuzi, gari linashuka gia linaondoka.

Na kama kuna mtu nyumbani kwenu ameambiwa hajui kuendesha, usianze na mguu wake. Mwombe akuonyeshe kila anachofanya, kuanzia mlangoni.

Magari hutofautiana. Mengine yanakumbuka mode ya mwisho, mengine yana majina tofauti ya vitufe. Wenye uzoefu, andikeni hapa chini lenu linafanyaje. Wenye maswali pia, hata liwe dogo namna gani, ulizeni, nitajibu taratibu.

Ila kesho asubuhi ukiwasha gari, kabla hujaachia breki, soma dashibodi inasema uko kwenye mode gani.