Mivukuto ya Hironimus

Kabla ya vita vya Maji Maji, Hironimus alikuwa mhunzi. Baada ya vita Wajerumani hawakupenda kumwona Mngoni akifua chuma, maana ingebidi waulize anafua nini. Kwa hiyo misheni ilipoletewa kinanda cha mabomba, mwaka 1908, Padre Rupert alimweka nyuma ya kinanda hicho avukute upepo. Kazi ni ileile, Padre alimweleza, ila huku hapatoki mkuki. Akampa na shamba la mahindi upande wa Maposeni, akalima na mama yake, Tabu.

Kinanda kilipotimiza miaka mitano, Padre akatangaza tamasha. Siku aliyochagua ndiyo aliyonyongwa kaka yake Hironimus mwaka ule wa vita, bomani Songea. Kaka huyo alibatizwa asubuhi, akaitwa Bartolomeo, na jina hilo alilitumia mpaka saa sita mchana. Na kwa wahunzi wa ukoo wao, kila mwaka siku ya marehemu ikifika, mivukuto hailii. Moto huzimwa, watu hukaa.

"Padre, tusogeze kesho yake."

"Bwana Mkubwa wa boma ana nafasi siku hiyo tu. Marehemu hana haraka."

"Yeye hana. Mama yupo."

"Basi mwombe mama akusamehe. Asiyevukuta, mwanangu, halimi shamba la misheni."

Tabu aliposimuliwa alisema, "Mahindi tumewahi kuyakosa. Mwaka ule wa njaa tulikula mizizi, na hatukufa wote."

Hironimus alikwenda. Alikusudia kuvukuta polepole, sauti isifike nyumbani, lakini kinanda kikaanza kukoroma na Padre, aliyekuwa akikipiga, akaupiga teke ubao uliowatenganisha. Tena mikono ya mhunzi haijui kuvukuta nusu. Tamasha likafana. Bwana Mkubwa alifumba macho, akasema hajapata kusikia upepo uliotulia hivyo huku bara.

Jua lilipokuwa linashuka Hironimus akapiga hodi kwake. Meko yalikuwa baridi. Tabu aliinuka mkekani, akaleta kigoda cha wageni, akakipangusa kwa upindo wa nguo.

"Karibu, bwana. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi."

"Wanangu wote wawili hawapo," alisema kwa adabu. "Kaa, nikupe maji. Chakula utuwie radhi, leo hatuwashi moto."

Hironimus akakaa. Maji yalipokuja, aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru.