Kiti cha Dirishani, Mbeya Hadi Ipogolo

Nasema wazi, kilichonitoa Mbeya ni wivu. Binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba Luka wa Ipogolo, niliyetumikia naye kikosi cha ndege za doria ya baharini, anaandika historia ya kikosi chetu, na wastaafu wenzetu wanamsifu. Luka! Sisi watu wawili wa milimani tulikaa nyuma ndani ya ndege moja miaka tisa. Mimi nilikuwa mtazamaji, nimeganda dirishani natafuta boti. Yeye alikuwa mwandishi: nikitamka, anaandika kitabuni na kutia sahihi. Amri ilikuwa mtazamaji asiondoe macho majini, na mwandishi asiondoe macho kitabuni. Basi kila nilichokiona mimi kina sahihi ya Luka. Nikataka kujua kama na historia nayo ataichukua peke yake.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi na kilo tano za mchele, maana hata ugomvi hauendewi mikono mitupu. Mama mmoja akaniomba nimwachie kiti cha dirishani. Nikakataa. Kiti hicho sijampa mtu tangu jeshini.

Kufika Mafinga tukakwama nyuma ya malori ya mbao. Nikapata muda wa kutosha wa kupanga maneno makali.

Saa saba mchana nikashuka Ipogolo. Luka alikuja kunipokea amevaa koti na tai, eti yuko kazini. Mkewe, Mama Neema, akanieleza kwamba siku hizi mzee hashiki jembe, na hata kanisani wanamwita mwandishi. Roho ikaniuma. Chai yao yenyewe ilikuwa na maziwa mengi kuliko ya kwangu.

Baada ya chai akanipa daftari. Nikapekua: safari za doria, boti tulizozifuma, wavuvi waliookolewa. Jina langu sikuliona popote. Na chini ya kila tukio kuna mistari kadhaa mitupu.

Nikamwambia, "Luka, nafasi zote hizi zimebaki, na bado umeninyima?"

Akavua miwani yake, akanivisha. Kumbe kwenye kila nafasi kulikuwa na maandishi hafifu ya penseli: Ambakisye aseme. Macho yaliyokuwa yakiona mtumbwi kutoka mawinguni yameshindwa kuona jina langu mwenyewe. Aibu niliyoipata sitaisahau.

"Mimi bahari sikuiona," akasema. "Miaka tisa naisikia mdomoni mwako, nimeinamia karatasi. Nilikuonea wivu, kaka, mpaka nikaacha kukupigia simu."

Akaniuliza siku ile boti ya wavuvi ilipopinduka, maji yalikuwa na rangi gani. Nikamwambia yalikuwa kijani, kama mashamba ya chai ya Mufindi baada ya mvua, na watu wanne wanapunga shati moja. Luka aliniangalia usoni mpaka nikamaliza, ndipo akashika kalamu. Tulifanya hivyo siku mbili.

Siku ya tatu, kwenye basi la kurudi, nilikuwa na dirisha tena. Wivu haujaisha wote, mwandiko wake bado mzuri mno. Ila nilichojifunza nilikitumia palepale: mzee aliyekaa pembeni yangu nikampa kiti changu bila kuombwa. Tulipofika Mafinga nikafumba macho, nikamwuliza anaona nini.