Neno Langu Ritongoni na Mlango wa Chumba cha Kujifungulia

Mimi ndiye niliyesema ndiyo. Wengine walikaa kimya, na kimya chao kilitokana na mimi.

Ilikuwa kwenye ritongo, mkutano wetu wa kimila, nyuma ya ghala la mahindi. Jambo lilikuwa moja: zahanati ya kijiji ikabidhiwe kwa mwekezaji aiendeshe yeye. Zahanati ile tuliijenga wenyewe. Wanaume tulibeba mawe, wanawake wakaleta maji na mchanga kichwani. Mjamzito hatozwi kitu pale, wala mtoto mdogo. Lakini dawa zilikuwa zikiisha, na mimi mgonjwa wa presha nilikuwa nimechoka kuambiwa nirudi wiki ijayo. Mwekezaji aliahidi daktari, jenereta, na dawa wakati wote. Kwa kuwa nimesoma sekondari, wazee wenzangu waliniachia karatasi zake nizisome. Nilizisoma juu juu. Nikasimama, nikasema tumpe.

Kwetu, rika la wakubwa likishasema ritongoni, rika la chini halipingi waziwazi. Nililijua hilo. Ningeweza kuwaacha vijana waanze, sisi tumalizie. Sikufanya hivyo. Nilipoketi, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Kuku alipita katikati yetu akidonoa. Hakuna aliyesema, nami nikaona nimeeleweka.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua kichwa.

“Mzee, umeuza na chumba cha kujifungulia?”

“Hakuna kilichouzwa. Kimekabidhiwa.”

“Aha. Na mke wa mwanao naye atakabidhiwa wapi?”

Mke wa mwanangu alikuwa katika miezi ya mwisho. Mwanangu anachimba dhahabu Nyangoto, huja akipata nafasi. Uzazi uliotangulia ulimtoa damu hadi tukadhani tumempoteza. Nesi wa zahanati ndiye aliyeizuia ile damu, kwa sababu alikuwa karibu na hakuuliza kwanza tuna nini mfukoni. Sasa, kwa desturi yetu mimi siingii nyumbani kwa mkwe wangu, wala yeye hanitazami usoni. Sikuweza kumwuliza anaogopa nini. Nilimsikia tu nyuma ya ukuta akimwambia mke wangu:

“Mama, mwulize baba, ile karatasi inasema mtu anayetoka damu na hana hela anafanywaje?”

Nilirudi kwa mwenyekiti nikaisoma tena, safari hii neno kwa neno. Haikusema. Iliandikwa kwamba huduma zitatolewa kwa utaratibu wa mwendeshaji, basi. Tangu hapo, mkwe wangu akikohoa tu, au akimwita mtu kwa sauti ya juu kidogo, nilitega sikio.

Wageni wa wilayani walipokuja kukamilisha makabidhiano, wanawake walikuwa wamewatangulia. Walikaa mbele ya mlango wa chumba cha kujifungulia, miguu wameinyoosha, kama watu waliokuja kuchambua maharage. Mkwe wangu alikuwa katikati yao na tumbo lake. Vijana walisimama nyuma na fimbo. Zilikuwa fimbo za kuchungia ng'ombe tu, lakini askari waliokuwa kwenye gari jeupe la wageni hawakuzitazama hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Huku kwetu tunajua mkutano unavyoweza kugeuka kwa jiwe moja, na yule binti asingeweza kukimbia.

“Akina mama, tupisheni,” alisema afisa mmoja, kijana mwenye adabu. “Hakuna anayewafukuza. Mnaletewa huduma bora.”

“Uchungu ukija,” mama muuza dagaa akadakia, “tulipe kwanza au tusukume kwanza?”

Wenzake wakaangua kicheko. Afisa hakucheka.

“Wazee wenu walishakubali kwenye ritongo,” akasema, kisha akanigeukia. “Shikamoo, mzee. Si ni wewe uliyesema?”

Watu wote walinitazama, isipokuwa mkwe wangu. Yeye alikuwa amenipa mgongo, kanga imemfunika kichwa. Nilianza kuinuka. Mwenzangu wa rika moja alinivuta koti.

“Kaa chini. Utakula matapishi yako mbele ya watoto?”

Mzee anayerudisha neno lake la ritongoni haitwi tena kusema. Hilo pia nililijua. Nikasimama, na sauti ikatoka nyembamba, nikaionea aibu.

“Marahaba. Ni mimi. Nilisema kabla ya wanaozaa kuulizwa. Karatasi sikuisoma vizuri. Neno langu nalichukua, msilitumie.”

“Kwa hiyo kijiji hakitaki?”

“Ukiniuliza mimi utakosea kama nilivyokosea. Waulize hao.”

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa kijana mmoja wa nyuma. Wakafuata wanawake, wakafuata karibu wote. “Hatutaki!” Afisa alinong'ona na wenzake, akaandika, akasema, “Tutawajulisha.” Gari lao likageuka taratibu katikati ya zile fimbo. Niliwakodolea macho vijana, nikiomba asiwepo wa kuinama kuokota jiwe. Sikukaa mpaka gari lilipovuka daraja.

Wa rika langu waliondoka bila kuniaga. Ritongoni siitwi tena, na hilo nimelizoea. Mjukuu wangu alizaliwa ndani ya chumba kile, mikononi mwa nesi yuleyule, na mama yake ni mzima. Lakini wale wa wilayani hawajatujulisha mpaka leo. Gari jeupe likikata kona ya shule, wanawake walioko kisimani husimama na ndoo zao, na mimi huacha ninachofanya. Juzi lilikuwa gari la chanjo. Nilisimama pale pale shambani, jembe mkononi, hadi walipofungua milango wakaanza kushusha masanduku ya barafu.