Nguruwe Wangu Hadungwi Bure

Niliwadunga nguruwe wangu wote sindano, na wote wakafa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa chama chetu cha wafuga nguruwe wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye ukaidi wangu, kana kwamba niliamka asubuhi moja nikaamua tu kuwa mbishi. Homa ya nguruwe ilipoingia huku kwetu, nje kidogo ya Mamboleo, nilinunua ile antibiotiki ya manjano inayouzwa kila duka la dawa za mifugo. Nikadunga wakubwa, nikadunga wadogo, nikadunga hata waliokuwa bado wanakula vizuri. Masikio yao yakawa mekundu, kisha zambarau, wakalala wamerundikana pembeni, wakaisha. Niliwazika nyuma ya nyumba nikawamwagia chokaa, na kwa muda mrefu sikutaka hata kupita hapo.

Daktari wa mifugo, mwanamke mchanga asiyependa kuzungukazunguka, alinieleza baadaye kwamba homa ile ni ya virusi na haina tiba, wakati dawa ya manjano kazi yake ni kuua bakteria. "Mama, hata ungewadunga maji ingekuwa tu the same," alisema. Akaongeza kwamba tukizidi kuwadunga wanyama wazima, bakteria watazoea dawa, na siku tutakayoihitaji kweli itatukataa. Nilikasirika sana, ila si kwa sababu yake. Niliikasirikia chupa ile na imani yote niliyokuwa nimeitia ndani.

Chama kilipoanza upya baada ya homa, nilijinunulia jike mmoja, kisha tukanunua dume mmoja wa pamoja, maana kumlisha dume peke yako ni mzigo. Aliwekwa kwa mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Kati ya boma lake na langu kuna ua tu. Jike wako akiingia kwenye joto, unampeleka kwa dume, basi. Lakini hofu ya homa ilikuwa bado imetukaa vichwani, na kwa hofu hiyo wakatunga sheria: hakuna jike atakayemkaribia dume kabla ya kudungwa dawa ya manjano, awe mgonjwa au mzima. Watoto nao wadungwe siku ya kuachishwa kunyonya.

Mdungaji alikuwa shemeji mwenyewe. Alitoka boma hili akaingia lile na sindano ileile na gambuti zilezile zenye kinyesi cha boma alilotoka. Siku moja nilimwona akija kwangu hivyo, nikajiambia, homa ikirudi itapitia kwa huyuhuyu anayedhani anaizuia. Nikaenda kumsubiri langoni.

Kwetu shemeji hazuiwi langoni. Nilimtolea kiti kizuri, nikakiweka upande wa nje, na kando yake karai la maji yenye dawa ya kuoshea viatu.

"Yuora, unanifukuza?" aliuliza. Ndivyo tunavyoitana mashemeji kwa Kijaluo.

"Karibu, kaa. Lakini kwa banda huingii na hiyo gambuti. Na hiyo sindano rudi nayo."

"Rule ni rule. Bila sindano hakuna dume."

"Huyu nguruwe yangu inaumwa nini?"

"Si lazima iumwe. Hii ni ya kuzuia tu."

"Ile ya wakati ule ilizuia nini?"

Alikaa kidogo kwenye kiti kwa ajili ya heshima, kisha akaondoka bila kunywa chai.

Joto la nguruwe halisubiri watu wapatane. Likipita, unamlisha jike mwenye tumbo tupu mpaka lirudi, na mimi nililiacha lipite. Riziki yangu yote ilikuwa kwa jike yule mmoja, kwa hiyo nisidanganye kwamba sikuumia. Niliumia. Kwenye mkutano nikawaambia wanachama nitatafuta dume mwingine. Shemeji akasimama.

"Sawa. Lakini wakizaliwa halafu wakufe, utarudi hapa, na utadunga kama sisi wote. Donge? Si ndiyo?"

"Wakikufa, nitarudi," nilisema mbele ya watu wote, na mkutano mzima ukaitikia.

Dume mwingine nilimpata kwa mzee mmoja ng'ambo ya makutano ya Mamboleo. Daktari alikuwa amemkagua, na banda la mzee lilikuwa kavu kuliko jikoni kwangu. Joto liliporudi, nikamwomba dereva wa tuktuk anayenibebea chakula cha mifugo ampeleke jike wangu. Yeye ni Mwislamu wa pale mjini. "Mama, hapo utanisamehe," akasema kwa upole, kisha akanitafutia mwenye mkokoteni. Basi tukavuka makutano mchana kweupe, jike wangu amefunikwa wavu, mimi nikitembea kando yake.

"Mama, bibi harusi anaenda wapi?" mwuza nyanya mmoja aliita.

"Kwa bwana. Huyu wa nyumbani anamkataa."

Walicheka, nami nikacheka, na mkokoteni ukasonga.

Watu hudhani kukataa sindano ni kukaa bure. Wajaribu. Mabaki ya hotelini niliyachemsha mpaka kuni zikaisha uani. Nilibadilisha nyasi kila zikilowa, nikaosha banda, nikalikausha, nikalipaka chokaa. Hakuna mgeni aliyeingia humo, hata mchungaji aliyekuja kuombea mimba. Nilikuwa nimeshaamua pia kwamba watoto watanyonya hadi matumbo yao yazoee chakula vizuri, si kunyang'anywa mama mapema kisha waharishe na kudungwa kwa kuharisha. Mgongo uliniuma. Lakini ile ndiyo kazi ambayo miaka yote chupa ilinidanganya kuwa imeshafanyika.

Wakazaliwa watoto kumi, wote wazima. Walikuwa wameanza kunona nilipomwona mmoja akichechemea. Goti la mbele lilikuwa limevimba na lina moto, na hakutaka kunyonya. Habari huku haina haja ya kutumwa, na nilipoinua kichwa shemeji alikuwa tayari ameegemea ua, na wanachama wawili nyuma yake.

Daktari alikuja, akaosha viatu bila kuambiwa, akampima joto, akalibonyeza goti. "Hii ni bakteria," alisema. "Imeingilia kwa kidonda kidogo. Huyu anahitaji antibiotiki."

"Kumbe unadunga," shemeji akaniambia kutoka pale kwenye ua.

"Nadunga mgonjwa," nikamjibu.

"Dunga wote kumi, yuora. Hiyo dawa si iko hapo? Kesho utaamka ukute wengine wameanguka, na neno lako ulilitoa mbele ya watu."

Naomba nieleweke hapa. Niliogopa. Chupa ilikuwa mkononi mwa daktari na ilikuwa na dawa ya kuwatosha wote, na hakuna mtu ambaye angenilaumu kwa kudunga. Wangenilaumu kwa kutodunga. Nilimwuliza daktari kama wale tisa wana chochote. Aliwashika mmoja mmoja, akawaangalia miguu, akasema hawana kitu.

"Dunga huyo mmoja," nikamwambia. "Halafu ondoka na hiyo chupa, isilale kwangu."

"Na hao wengine?" shemeji aliuliza.

"Hao wengine hawaumwi."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitazika mimi, kama nilivyozika wale niliodunga."

Daktari alirudi kila siku kumdunga yule mmoja mpaka dozi ikaisha. Wale tisa hawakuguswa, na hakuna aliyeanguka. Siku mgonjwa wangu alipokanyaga chini kwa mguu ule na kumsukuma ndugu yake atoke kwenye chuchu ya mama yao, nilimwita shemeji aje kwenye ua aone. Akasema ana kazi. Nikamchukua mtoto kifuani, nikaenda naye hadi kwenye ua, nikamwinua juu, naye akapiga kelele mpaka wanachama wote wakatoka majumbani mwao.