Fremu za Ndani za Gunnel Tranberg

Kitu cha kwanza Gunnel alichokiona kwenye mashua mpya ya Evert Lilja ni silikoni. Ilikuwa nyeupe, imekamuliwa kuzunguka kila dirisha kama dawa ya meno, na juu yake zimebaki alama za vidole vya mtu aliyejaribu kuilainisha akashindwa. Gunnel alisimama juu ya ngazi, kichwa ndani ya turubai, akasonya kwa sauti hadi Evert aliyekuwa chini akamsikia.

"Ni mbaya?" Evert akauliza.

"Nimeona keki za harusi zilizopakwa vizuri kuliko hivi."

Evert alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anakifanya wakati huo. Alinunua mashua hiyo ndogo ya tanga majira ya baridi bila hata kuigusa kwa kucha, na sasa ilikuwa Aprili, theluji imekwisha kuyeyuka, na kisiwani Orust kila mwenye mashua alikuwa kwenye uwanja wa klabu akikwangua, akipaka na kudanganya kuhusu tarehe ya kushusha chombo majini. Ya Evert ilikuwa imesimama kwenye magogo yake, kando ya mashua ya Gunnel.

"Nataka tu mbao mpya za kuzungushia madirisha kwa ndani," Evert alisema. "Hizi zimepiga weusi. Shemeji yangu anakuja kutoka Göteborg mwisho wa Mei, tutalala humo siku mbili. Wewe si ndiye fundi wa madirisha?"

Ndiye. Gunnel aliingia karakana ya kuunda mashua ya Korsvik akiwa na miaka kumi na saba, mwanamke peke yake kati ya wanaume thelathini na mmoja. Msimamizi, Sigvard Moberg, alimtazama mikono, akampeleka kwenye meza ya mwisho karibu na choo. "Fremu za ndani," alisema. "Kazi ya vidole vidogo." Wanaume walitengeneza mabodi ya mashua, sakafu na makabati, wakapigwa picha mbele ya kila chombo kilichokamilika. Gunnel alikata vipande vinne vya mbao ya mkangazi kwa kila dirisha, madirisha sita kwa kila mashua, kwa miaka ishirini na tisa. Siku karakana ilipofungwa, wanaume wazima walilia mlangoni. Yeye alichukua randa yake akaenda kupanda basi.

Mashua ya Evert ilitoka karakana hiyohiyo. Alilijua hilo kabla hajapanda ngazi.

"Mbao siyo ugonjwa wako," alimwambia. "Dirisha linavuja. Maji yanashuka nyuma ya mbao, plaiwudi inayanywa. Kwanza tunatoa dirisha."

"Hapana, hapana. Nimesoma kuhusu jambo hili. Dirisha limezibwa vizuri, lile ni jasho la ndani tu. Watu wakilala mle, pumzi zao..."

"Kuna mtu amelala humu majira ya baridi?"

"Hapana."

"Basi nani amepumua?"

Gunnel hakungoja. Aliingia ndani, Evert nyuma yake, akapiga magoti kwenye kitanda cha mbele, akachomeka bisibisi nyuma ya ubao wa chini wa dirisha la kushoto na kuuinua. Ubao ulitoka na kipande cha ukuta. Plaiwudi ilikuwa laini kama mkate uliosahauliwa kwenye kahawa, na nyuma yake maji ya kahawia yalimwagika, yakapita kwenye mkono wa sweta ya Evert hadi kwenye kiwiko.

"Itakuwa ile mvua ya juzi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ya juzi ya mwaka gani?"

Gunnel aliugeuza ule ubao ili amwonyeshe skrubu. Mwenye mashua wa zamani alikuwa amepigilia skrubu tisa mahali pa mbili, nyingine zikachungulia hadi nje, kila moja imekuwa mlango wa maji. Gunnel alikuwa na maneno tayari ya kumhusu mtu huyo, maneno mazuri. Lakini nyuma ya ubao, chini ya ukungu, aliona namba imeandikwa kwa penseli. Saba yenye mkia. Saba yake.

Akakaa kitandani, ubao mapajani. Evert akadhani amechoka, akamtolea kahawa kwenye chupa na mkate wa mdalasini.

Katika mwaka wake wa kumi karakana, Gunnel alitengeneza ubao wa chini wa namna nyingine. Aliuchimba mfereji mwembamba kwa nyuma, na pembeni akatoboa tundu la kuchomeka mpira mdogo wa kupeleka maji chini hadi kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, badala ya kuyaacha yaingie ukutani. Alimpelekea Sigvard wakati wa mapumziko. Sigvard aliutazama huku anatafuna. "Madirisha yetu hayavuji," alisema, akaurudisha, na waliokaa karibu wakacheka. Gunnel aliutia ubao kwenye jiko la karakana, na kuanzia siku hiyo alimdharau Sigvard, akawadharau waliocheka, akaidharau kila mashua iliyotoka na fremu bapa. Dharau hiyo ilimtia joto kwa miaka.

Sasa alikuwa ameshika ubao bapa alioukata mwenyewe. Mfereji ule ungekuwa kwa nyuma. Nani angegeuza ubao kutazama? Angeweza kuuchimba kwenye kila mashua, miaka kumi na tisa, bila kuomba ruhusa ya mtu, na hakuna ambaye angejua isipokuwa maji. Hakuchimba hata mmoja. Aliambiwa bapa, akakata bapa, kisha akarudi nyumbani kila jioni akiwa amewanunia wengine.

"Mjinga," alisema.

"Mimi?" Evert akauliza.

"Wewe pia. Kesho njoo na kikwangulio. Silikoni yote utaitoa mwenyewe."

"Lakini mgongo wangu..."

"Lete na mgongo."

Ilimchukua Evert siku nne. Alinung'unika kuhusu kucha zake, akatoa maelezo marefu ya kemia ambayo hakuna aliyeyaomba, akajikata kidole gumba, akarudi na bandeji kubwa kama glavu ya kipa. Gunnel alitoa madirisha yote sita, akakata plaiwudi iliyooza hadi kwenye mbao ngumu, akaacha kipasha joto kiwake humo wiki mbili. Kisha akaunga vipande vipya, akarudisha madirisha na mpira mpya wa kuzibia, akayafunga kwa boliti, bila tone la silikoni.

Fremu alizikata gereji kwake. Mkangazi ule ule, kona za mshazari zinazoshikana bila kujazwa kitu. Kila ubao wa chini alichimba mfereji wa nyuma kwa kina zaidi ya ule wa zamani, akatoboa tundu la mpira. Na akafunga kila ubao kwa skrubu mbili tu zinazoonekana, ili atakayekuja baadaye aweze kufungua bila kuvunja. Vanishi ilipigwa mara saba. Hapo mara nne zingetosha. Zile tatu alipiga kwa hasira.

Wiki ya tatu ya Mei Sigvard alifika klabuni akisukuma kigari chake cha kutembelea. Alikuwa na miaka themanini na sita, ugoro chini ya mdomo kama zamani, na bado alikagua mashua za watu kama vile zote ni zake. Hakuweza kupanda ngazi. Gunnel alimteremshia ubao mmoja ambao haujafungwa.

Mzee aliupitisha kidole kwenye kona. Akaugeuza. "Huu mfereji wa nini?"

"Wa maji."

"Madirisha yetu ha..." Macho yake yakaangukia ndoo ya plaiwudi iliyooza karibu na gurudumu la kigari. "Wazo zuri," akasema. "Ungeniambia wakati ule."

"Nilikuambia. Ulikuwa unakula mkate."

"Lini?"

"Mwaka wangu wa kumi. Nilikuletea mezani."

Sigvard alifikiri kwa bidii, uso umekunjamana, akijaribu kweli. "Sikumbuki," alisema hatimaye. "Sikumbuki hata kidogo, Gunnel."

Hakuwa anajikosha. Gunnel aliona wazi kwamba hakumbuki, na kwamba hakuwahi kukumbuka hata juma lililofuata. Alichukua ubao wake, akapanda ngazi, akafunga skrubu mbili, taratibu, asiharibu vichwa vyake.

Mvua ilinyesha siku zote mbili za shemeji. Alilala mkavu. Jumatatu Evert alisimama kwenye chumba cha kahawa cha klabu, kikombe mkononi, akiwaeleza watu kumi kwamba suala zima lilihitaji kufikiriwa upya kimantiki, na kwamba alipata wazo la mfereji alipokuwa akitazama bomba la paa la nyumba yake. Watu wakamgeukia Gunnel, wakingoja.

"Mwambieni awaoneshe anavyokata kona," alisema, akaendelea na kahawa yake.

Evert akawa mwekundu hadi kwenye upara. Mashua nne zilimjia Gunnel vuli ile, na kila mwenye mashua alipewa kikwangulio kwanza.

Sigvard alifariki Februari. Baada ya mazishi, kwenye kahawa, mjane wake alimwomba Gunnel aseme neno kwa niaba ya karakana. Alisimama, akavuta sweta yake chini. Alisema kwamba Sigvard Moberg hakuwahi kukosea kipimo hata kwa unene wa penseli. Ilikuwa kweli. Akakaa.