Bahari ya Mama Muzdalifa

Mkahawa wa Rukaya, Mama Muzdalifa, ulikuwa Kibiti, pale yaliposimama mabasi yaendayo kusini. Utotoni alikuwa akipelekwa kwa shangazi yake Mafia, na huko, maji yakipwa, alishinda juu ya miamba akichungulia viumbe vya kila rangi. Tangu aolewe bara, mambo hayo yalibaki ya kusimulia tu. Mama mkwe wake, Bi Mwanamina, mtu wa milima ya Umatumbi, alimsikiliza kwa adabu, asiamini hata nusu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, na vitu vilivyokuwa adimu sasa vilipatikana. Siku moja Silvesta, seremala aliyehamia kutoka Songea, alikuwa akinywa chai, akasimulia kwamba katika hoteli moja ya Dar es Salaam alikopachika milango aliona samaki wa baharini wakiishi ndani ya sanduku la kioo, pamoja na mawe yao. Rukaya aliacha kukoroga sufuria.

"Fundi, sanduku hilo unaweza kulitengeneza?"

"Sanduku naliweza, Mama Muzdalifa. Bahari ndiyo sina."

"Bahari niachie mimi."

Silvesta akaunga vioo vinene kwa gundi maalumu iliyoagizwa Dar. Wakalijaza maji ya kisima kulijaribu, halikuvuja hata tone, wakayamwaga. Haidari, kaka yake Rukaya, aliyekuwa na mashua ya injini, akaleta madumu ya maji na ndoo ya samaki wadogo. Rukaya akawamimina wote papo hapo.

Kulipokucha walikuwa wanaelea, matumbo juu. Rukaya alichota yale maji akayaonja. Chumvi yake ilikuwa ya mchuzi, si ya bahari. Alipombana Haidari, kaka mtu alikiri kwamba alifanya haraka, akateka mlangoni mwa mto, penye mikoko, maji matamu yanapochanganyika na ya bahari.

Rukaya hakukata tamaa. Safari hii Silvesta alikwenda kumuuliza mtunzaji wa ile hoteli, akarudi na jibu fupi: mawe kwanza, kisha subira, samaki mwisho. Haidari alikwenda mbali, akateka maji ya kilindini, akaleta mchanga na vipande vya matumbawe vilivyojivunjikia vyenyewe, vimefungwa kwenye magunia mabichi. Kwa kuwa maji yalihitaji hewa, na jenereta ya mkahawa iliwashwa jioni tu, Silvesta alijaza upepo kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akauunganisha na mrija wa dripu. Mapovu yakapanda mchana kutwa.

Kisha maji yakachafuka, yakanuka. Wateja walihamia meza za nje. Bi Mwanamina akashauri lile sanduku limwagwe, litiwe mchele. Rukaya alimwitikia kwa heshima, wala hakulimwaga. Kila Haidari alipomletea maji, Rukaya alipunguza ya zamani akatia mapya. Jua lilipoyakausha kidogo, aliongeza ya mvua, maana chumvi hairuki na mvuke.

Asubuhi moja aliingia kupuliza moto akakuta maji yameng'aa. Juu ya jiwe alilodhani limekufa palikuwa na kitu kimechanua, vidole vidogo laini vya rangi ya jani changa la mpunga, vikipungapunga. Alikwenda kumshika mkono mama mkwe wake akamleta mpaka kwenye kioo.

Bi Mwanamina aliinama karibu na kioo. "Mwanangu," akasema polepole, "jiwe hili linakula?"

"Linakula, mama."

Baada ya hapo wakaja kome wa kulamba utando wa kijani wa kioo, kisha kaa mdogo aliyejibebea nyumba ya konokono. Mwisho wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Hao Rukaya hakuwamimina. Aliwazoesha ndani ya ndoo, akiwaongezea maji ya sandukuni kikombe baada ya kikombe.

Habari zilifika hadi Mohoro. Basi la Lindi lilipiga honi, abiria hawakutoka. Bi Mwanamina, aliyekuwa hajakanyaga ufukwe hata siku moja, alisimama kando ya kioo akiwaeleza yupi anakula nini, na akawakataza wasigonge. Rukaya aliwapita na sinia la chapati, akamwita Silvesta pembeni. Alitaka apime ukuta wa upande wa pili, kwa ajili ya sanduku lingine.