Kitovu cha Mtoto wa Tano

Juzi, katika kliniki moja ya Mapinga, afisa aliyetoka mjini kufundisha uzazi wa mpango alimnyooshea kalamu mama mjamzito. "Mnazaa sana, mama. Ardhi imekwisha."

Mama akaelekeza kidevu dirishani, kwenye ukuta mrefu ng'ambo ya barabara. "Vitovu vya wanangu wanne tumevizika mle, chini ya minazi ya babu yao. Leo mwenye ukuta yuko Dar, mle anakaa mlinzi na mbwa. Cha huyu wa tano nikizike wapi, bwana?"

"Hayo ni ya ardhi," akajibu. "Mimi ni wa afya."

Uzazi wa mpango ni jambo jema, sibishani. Ila aliyemwachia mbwa shamba lililolisha ukoo mzima, mbona yeye haitwi kliniki?